Papa yetu ndani ya rédaction: tumuonyeshe kwa matendo

Ku masomo, mwalimu anaomba watoto waandike juu ya baba yao. Wengi wanaandika: « Papa yangu iko mutu muzuri, anapenda kazi. » Mwalimu anasoma, lakini huyo papa hamuoni. Maneno hayo yanaenea kila papa wa Kolwezi ao wa Likasi.

Tuangalie basi kitabu kimoja juu ya watu wa mugodi: Germinal, cha Émile Zola, kilichotoka Ufaransa mwaka wa 1885. Mbele ya kukiandika, Zola alienda Anzin, mwaka wa 1884, wakati wachimbaji wa makaa walikuwa kwenye mgomo, na aliingia mwenyewe ndani ya shimo.

Namna gani anatuonyesha Catherine, binti wa nyumba ya Maheu? Saa kumi ya asubui, yeye njo anaamka wa kwanza. Anamwanga maji ya moto juu ya machicha ya kahawa ya jana. Anakata mukate wa kupeleka ku kazi: kipande kikubwa cha papa, kidogo cha Jeanlin, mdogo wake. Hatuambiwi « ana roho nzuri ». Tunaelewa wenyewe: chakula ni kidogo, na huyu mutoto anabeba nyumba.

Na babu? Watu wanamwita Bonnemort, ni kusema Kifo Kizuri, kwa sababu mara tatu walimtoa shimoni akiwa muzima. Akitema, mate ni meusi. Jina na mate tu, na tumekwisha kujua kazi yake.

Sasa Kiingereza kidogo, kwa wale wanaojifunza. Siku ya kwanza ndani ya shimo, Étienne, mgeni, anaona Catherine amevaa suruali na kofia. Anafikiri ni kijana mwanaume. Kwa Kiswahili tunasema « anasukuma gari », na siri inabaki. Kiingereza kinakulazimisha kuchagua: mwanaume ni he, mwanamke ni she. Kinaongeza tena s ku mwisho wa kitendo cha kila siku cha mutu mumoja: she pushes. Étienne angesema he. Maheu, baba ya binti, angesema she. Neno moja dogo linaonyesha nani anajua ukweli.

Kwa hiyo, wazazi, mutoto akikaa na daftari, msimpe maneno makubwa. Mumuulize: papa akirudi, anafanya nini kwanza? Anavua bote inje? Ananawa mikono mara ngapi? Mutoto aandike hivyo, kwa Kifaransa ao kwa Kiingereza: He washes his hands three times.

Tusipoandika matendo yetu, wengine wataandika tu « wachimbaji maskini », na hapo hakuna mutu atajua kama ni papa yako ao wa jirani.