Mgawo wa Mapato na Uwazi wa Hesabu katika Uvuvi wa Rumonge

Makala hii inafafanua namna mfumo wa mgawo unavyoweza kuwanufaisha tajiri mwenye chombo na wavuvi wake katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika. Hoja yake ni kwamba mgawo hujenga maslahi ya pamoja pale tu hesabu ya gharama inapojulikana kwa pande zote mbili.

Wavuvi wa Rumonge huingia ziwani usiku, huwavutia ndagala na mukeke (mgebuka kwa watu wa Kigoma) kwa mwanga wa taa, kisha huwainua kwa wavu mpana. Mbalamwezi inapokuwa kali taa hupoteza nguvu na kazi husimama. Kwa kuwa mapato hayatabiriki, mshahara wa kudumu ungemwelemea tajiri. Mgawo humpunguzia hatari hiyo na kuwapa wavuvi sababu ya kuongeza bidii.

Udhaifu umo katika utaratibu wa kugawa. Kwa kawaida gharama za mafuta na matengenezo hukatwa kwanza, ndipo salio hugawanywa. Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, kwamba mauzo ni faranga 300,000, gharama ni 100,000, na salio ni nusu kwa nusu kati ya tajiri na wavuvi wanane. Kila mvuvi hupata 12,500. Gharama zikitajwa kuwa 140,000, fungu lake hushuka hadi 10,000. Asiyeona stakabadhi hawezi kujua kama mafuta yamepanda bei au amepunjwa. Shaka hiyo humrudia tajiri mwenyewe: samaki huuzwa kwa siri kabla ya kufika mwaloni, na wavuvi wazoefu huhamia vyombo vingine.

Mkataba Na. 188 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2007, unagusa pia uvuvi wa kibiashara wa maziwani. Unataka mapatano ya maandishi yanayoonyesha kiasi cha mgawo na njia ya kuukokotoa. Kwa Rumonge, hatua ya kwanza inaweza kuwa daftari la chombo, linalojazwa mwaloni mbele ya mwakilishi wa wavuvi, likionyesha mauzo, gharama na mikopo.

Umuhimu wa daftari hilo huonekana zaidi uvuvi unapofungwa, kama Tanzania ilivyofanya ziwani humo kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Pasipo mavuno hapana mgawo. Mvuvi huishi kwa mkopo wa tajiri. Mkopo usioandikwa humfunga mvuvi, ilhali ulioandikwa humhakikishia tajiri malipo na mvuvi mwisho wa deni.