Kiliwazo katika Michezo ya Kuiga Maisha: Mfano wa The Sims

Aghalabu michezo ya video hutajwa katika maandishi ya kitaaluma pale tu inapolaumiwa: kwamba inawapumbaza vijana, inawapotezea wakati na kuwazoesha ukatili. Lawama hizo hazikosi msingi. Hata hivyo, upo utanzu mmoja ambao hauna adui wa kuuawa wala mshindi wa kutangazwa, nao ni ule wa kuiga maisha. Mchezaji huwalisha wahusika wake, huwalaza, huwatafutia kazi na kuwapatanisha wanapokosana. Mtoto wa Kenya aliyewahi kucheza kalongolongo, akapika udongo katika kopo na kumtuma "baba" kazini, ameufahamu utanzu huu kabla ya kuiona tarakilishi. Makala haya yanachunguza namna michezo hiyo inavyoweza kuliwaza, hasa kwa kuuangazia mchezo wa The Sims.

Chimbuko la The Sims ni janga. Mnamo Oktoba 1991 moto uliochochewa na upepo mkali uliteketeza vitongoji vya vilimani huko Oakland, California. Watu 25 walifariki na makazi zaidi ya 3,000 yakageuka majivu. Miongoni mwa waliopoteza nyumba alikuwa Will Wright, ambaye miaka miwili awali alikuwa amejipatia sifa kwa SimCity, mchezo wa kujenga miji. Alipoanza kuzingatia vitu vya kununuliwa upya, Wright alijikuta akipima thamani ya kila kimoja: ni kipi hasa anachokihitaji binadamu ili aishi? Swali hilo lilizaa wazo la mchezo wa kusanifu nyumba, ambamo vijitu vidogo vingekuwa wakaguzi tu. Vijitu hivyo viliishia kuvutia kuliko kuta. Wakuu wa kampuni ya Maxis hawakulichangamkia wazo hilo hapo mwanzoni. Mchezo wenyewe ulitoka tarehe 4 Februari 2000, ukawa miongoni mwa michezo ya tarakilishi iliyouzwa sana duniani.

Katika toleo hilo la kwanza, kila mhusika ana mahitaji manane: chakula, starehe ya mwili, usafi, kwenda haja, nguvu, burudani, usuhuba na mandhari ya chumba. Kila hitaji lina mstari wake, kijani panapo heri na mwekundu panapo shida. Mhusika aliyezama katika huzuni hukataa katakata kusoma au kujinoa. Hana budi kwanza kula, kulala na kupata wa kuzungumza naye. Yamkini hapa ndipo penye kiini cha faraja. Mtu aliyefiwa au aliyeachishwa kazi mara nyingi hajui aanzie wapi. Mchezo humwonyesha dhiki ikiwa imegawanywa katika vipande vinavyotibika: chakula kikiliwa na usingizi ukipatikana, wekundu hupungua. Isitoshe, dakika moja ya mchezo huchukua takriban sekunde moja ya kawaida, hivyo kesho ya mhusika haiko mbali kamwe.

Si kwamba mabaya yamefichwa. Mpishi asiye na ujuzi huweza kuzua moto jikoni, na wahusika hufa wakaombolezwa. Lakini mchezaji anaweza kufunga mchezo bila kuhifadhi yaliyotukia, na marehemu akawa hai tena. Rehema ya aina hiyo haikuwapo Oakland, na ni halali kuuliza iwapo inamwandaa mchezaji kwa msiba au inamhadaa. Fauka ya hayo, kitanda cha bei kubwa hurejesha nguvu upesi kuliko cha bei nafuu, jambo linalokaribia kufundisha kuwa furaha ni bidhaa.

Kwa mwanaisimu, lililo tamu zaidi ni lugha. Wahusika huzungumza Simlish, maneno yasiyo na maana yaliyobuniwa papo kwa papo na waigizaji Stephen Kearin na Gerri Lawlor. Kiimbo, ishara za mwili na vipicha vinavyoelea juu ya kichwa ndivyo pekee vinavyodokeza habari. Mazungumzo yenyewe hutungwa na mchezaji, naye huyajaza yale yanayomsibu. Ni vigumu kuona jinsi sentensi sanifu za Kiingereza zingempa nafasi hiyo.

Upweke nao umezaa mchezo wake. Katsuya Eguchi aliihama Chiba, akawaacha jamaa na marafiki, akaenda Kyoto kufanya kazi katika kampuni ya Nintendo. Kutokana na ukiwa huo aliwaza Animal Crossing, uliotoka Japani mwaka wa 2001. Toleo la Machi 2020 liliwadia wakati mataifa mengi yakifungia watu majumbani kwa sababu ya korona, na marafiki waliozuiwa kukutana wakatembeleana katika visiwa vya kubuni.

Je, faraja hiyo inaweza kupimwa? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakitumia kumbukumbu za kampuni zenyewe badala ya makadirio ya wachezaji, walichunguza wachezaji 3,274, wengi wao wa Animal Crossing, na kugundua uhusiano chanya, japo mdogo, kati ya muda wa kucheza na hali njema ya nafsi. Utafiti mpana zaidi wa mwaka wa 2022, uliohusisha wachezaji karibu 39,000 wa michezo saba, haukuona kwamba muda huo una athari ya maana. Kilichojitokeza ni sababu ya kucheza: waliocheza kwa kupenda walikuwa na hali bora kuliko waliojihisi kushurutishwa.