Kodi za magonjwa (sio zile za TRA!)

Wadau, nilipotea kidogo. Nilipata kibarua cha miezi mitatu kuingiza fomu za bima kwenye kompyuta, zahanati moja hapa mjini, jina naliweka kapuni.

Iko hivi. Bima wanataka kodi ya ugonjwa, yaani herufi na tarakimu kutoka orodha ya Shirika la Afya Duniani. Wengi wamezoea ICD-10: malaria ya falsiparamu ni B50, malaria isiyotajwa aina B54, homa isiyojulikana chanzo R50. Sasa kuna ICD-11, iliyopitishwa 2019 na kuanza rasmi Januari 2022, nchi zinahamia taratibu. Humo falsiparamu ni 1F40, na malaria ambayo haikuthibitishwa kwa kipimo ina kodi yake, 1F45.

Mnaona kasheshe? Daktari wetu aliandika "homa", mimi nikaweka R50, kumbe dawa alizotoa ni mseto. Bima wakauliza, homa gani hiyo inatibiwa na dawa ya malaria? Rundo la fomu likarudi, mishahara ya manesi ikachelewa. Aibu niliyopata we acha tu.

Ndio maana nawaambia wenye zahanati, mfumo mpya hauanzi na kompyuta. Fungueni mafaili ya miezi michache iliyopita, toeni magonjwa kama 50 yanayojirudia, mtafute kodi mpya za hayo kwanza. Halafu kaeni na daktari: maandishi yake yanatosha? Kipimo kilifanyika? Mkono uliovunjika ni wa kulia au kushoto? Karani hawezi kubuni. Kitafutio cha ICD-11 ni bure kwenye intaneti, hata hapa kafe nimekifungua.

Marekani walihama ICD-9 kwenda ICD-10 tarehe 1 Oktoba 2015, baada ya kuahirisha zaidi ya mara moja. Kodi za magonjwa ziliruka toka takriban 14,000 hadi 68,000 hivi (ipo hata ya kudonolewa na kuku, sitanii). Kliniki zilishauriwa zijaribu kutuma madai mapema, na ziweke akiba ya pesa maana malipo yangeweza kuchelewa. Hilo la akiba ndilo wengi wetu tunasahau.

Siku hizi daktari wetu anaandika majibu ya kipimo pembeni ya ugonjwa. Nyie mnaofanya kazi za madai, kwenu kodi anaweka nani, daktari au karani?