Arginini: azoti ambayo mwili unapigania na mikrobe

Wandugu, sisi wa agronomia tumezoea kuona azoti kama mambo ya shamba: urea kwenye mahindi, maharagwe yenye kufunga azoti ndani ya udongo, basi. Lakini kuna azoti ingine yenye kutembea katika damu, na mwili unaipigania na mikrobe kila siku. Inabebwa na asidi amine moja inaitwa arginini. Molekuli yake moja iko na atomu 4 za azoti. Naandika juu yake sababu wengi wananiuliza kama wanunue vidonge vya arginini vyenye kuuzwa eti "vya kuongeza kinga".

Chukua makrofaji, ile seli ya kinga yenye kumeza mikrobe. Arginini ikiingia ndani yake, kuna njia mbili. Ya kwanza, enzimi moja inaitumia kutoa monoksidi ya azoti, gesi ambayo ni sumu kwa mikrobe nyingi. Mwaka 1987, John Hibbs na wenzake, kule Utah, Marekani, walionyesha kwamba makrofaji za panya zikikosa arginini zinashindwa kuua seli za kansa. Njia ya pili ni ya enzimi inaitwa arginase: inageuza arginini kuwa urea (ndiyo, ile ile ya mfuko) na ornitini, na ornitini inasaidia seli kuongezeka na vidonda kufunga. Moja ni kupigana, ingine ni kutengeneza kilichoharibika. Shida ni kwamba zote mbili zinakula katika sahani moja.

Na mikrobe nazo zinajua hiyo sahani. Helicobacter pylori, bakteria ya vidonda vya tumbo, iko na arginase yake yenyewe, inamaliza arginini mbele makrofaji haijaitumia. Leishmania inafaidika na njia ya pili: seli ikielekea huko, kimelea kinapata chakula cha kuzaana. Tena limfosaiti T, zile seli zenye kuongoza vita, zikikosa arginini zinaacha kugawanyika.

Mfano wenye kutugusa zaidi ni malaria. Katika utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kutangazwa mwaka 2003, watoto wenye malaria ya ubongo walikuwa na wastani wa mikromoli 46 za arginini katika litri moja ya plazma. Wenye malaria ya kawaida walikuwa na 70, na watoto wazima 122. Sababu moja ni hii: globuli nyekundu ziko na arginase ndani yao, na kimelea kikizipasua, enzimi inamwagika katika damu na kuanza kukata arginini. Monoksidi ya azoti inapungua, na ndiyo yenye kufungua mishipa midogo ya damu. Njo maana mishipa inazidi kubanwa. Kwa watoto wa SS pia, globuli zikipasuka, arginase inamwagika vilevile.

Basi tumpe mgonjwa arginini? Walijaribu. Kule Timika, Indonesia, wagonjwa wa malaria yenye ukali wa kati walipewa arginini kwa serumu, na mishipa yao ikafanya kazi vizuri zaidi. Kwa wenye malaria kali kabisa, faida haikuonekana. Marekani, walisimamisha jaribio la vidonge, lenye kutangazwa mwaka 2006, kwa watu waliotoka kupata shambulio la moyo: 6 walikufa katika kundi la arginini, hakuna hata moja katika kundi lingine. Mimi kwa hiyo nasema: mtu mzima mwenye afya, figo zake zinaitengeneza, na karanga zinamaliza hesabu, karibu gramu 3 katika gramu 100. Mahindi hayafiki hata nusu gramu. Mtoto mwenye homa, umpeleke kituo cha afya, dawa ya malaria ndiyo inaua kimelea.

Kuku ni habari ingine, na hapa niko kwetu. Kuku hana ule mzunguko wa urea, hivi hawezi kujitengenezea arginini. Inatoka paka katika chakula. Kifaranga akiikosa, timusi na bandama yake vinabaki vidogo, na hivyo ni viungo vya kinga. Unamkuta mfugaji amelipa chanjo zote, kisha anakula faida kwa kuondoa soja na mabaki ya karanga, anabakiza mahindi na pumba. Wengine wanaongeza lisini ya dukani bila kupima. Lisini ikizidi, arginase ya figo za kuku inaamka, inaharibu hata ile arginini kidogo iliyokuwako. Kwa kuku wa nyama tunatafuta arginini ilingane na lisini ao iipite kidogo. Na karanga zenye ukungu usiziweke hata kidogo: aflatoksini inapiga ile ile kinga uliyotaka kulisha.