Bandari za Afrika Kaskazini Si Bandari Moja

Mapema muhula huu niliwasimulia wanafunzi wangu wa isimu kwamba niliwahi kuuvuka Mlango-bahari wa Gibraltar kwa mashua ya matanga, nikateremka Tangier, nchini Moroko. Nilitarajia wanihoji kuhusu lahaja za Kiarabu au kuhusu lugha za Waamazighi. La hasha! Swali la kwanza lilikuwa hili: "Mwalimu, hukuwaogopa maharamia?" Darasa zima liliangua kicheko, lakini aliyeuliza hakuwa akifanya mzaha.

Hofu yake ina asili yake. Kwa karne kadhaa Wazungu waliiita pwani ile Barbaria, na jina hilo likaambatana na manahodha wa Algiers, Tunis, Tripoli na Salé walioteka merikebu na kuwatia mabaharia utumwani. Enzi hiyo ilikwisha zamani. Ufaransa iliiteka Algiers mwaka wa 1830, na uharamia huo ukabakia katika vitabu. Hata hivyo, jina limeishi kuliko jambo lenyewe. Hadi leo msafiri husikia "Afrika Kaskazini" akadhani ni mahali pamoja, penye hatari moja na bei moja.

Sisi Wakenya tunayajua machungu ya kutiwa katika kapu moja. Mnamo Mei 2014, baada ya serikali ya Uingereza kuwatahadharisha raia wake dhidi ya kuzuru Mombasa, mamia ya watalii walirudishwa kwao kwa ndege kabla ya likizo zao kwisha. Hofu ilienea hata mahali ambapo tahadhari haikupataja. Tunisia nayo iliyaonja yayo hayo mwaka wa 2015, baada ya mashambulizi ya makavazi ya Bardo mwezi Machi na ya ufuo wa Sousse mwezi Juni. Sisemi kwamba tahadhari hupuuzwa. Ninalosema ni kwamba tahadhari husomwa kwa makini: ni mji upi, mwaka upi, hatari ipi? Anayetaka kuzizuru bandari za kaskazini mwa bara letu kwa salama na kwa gharama nafuu hana budi kuisoma kila bandari peke yake.

Natuanze na magharibi. Moroko hupokea mashua za wageni pande zote mbili, Mediterania na Atlantiki. Tangier ina gati la kisasa la mashua chini ya mji mkongwe. Baina ya Rabat na Salé kuna Mto Bou Regreg, ambao lango lake lina fungu la mchanga. Mawimbi ya Atlantiki yakiwa makubwa lango hufungwa, na yakitulia mgeni husubiri maji yajae, kisha huongozwa na mashua ya rubani hadi ndani. Asiyetaka kusubiri huhatarisha chombo na roho.

Aljeria ina pwani ndefu yenye kupendeza, lakini si pwani ya kuingia kwa kubahatisha. Wageni wengi huhitaji viza iliyotolewa mapema, na taratibu za bandarini ni nyingi. Mpaka wake wa nchi kavu na Moroko umefungwa tangu 1994, na mwaka wa 2021 Aljeria ilivunja uhusiano wa kibalozi na jirani yake. Mpaka wa baharini haukuchorwa kwa rangi juu ya maji, lakini upo. Mnamo Agosti 2023 vijana waliotoka Saidia, upande wa Moroko, kwa vyombo vidogo vya michezo walipotea wakaingia maji ya Aljeria. Walinzi wa pwani wakawafyatulia risasi, na wawili wakauawa. Nahodha mwerevu hupita mbali na ufuo wa mpakani, hasa usiku.

Tunisia ndiyo iliyozoea mashua kuliko zote. Bizerte, Sidi Bou Said, Hammamet, El Kantaoui na Monastir zote zina magati ya wageni, na wengi huziacha mashua zao huko majira ya baridi. Sababu moja ni unafuu wa ada ukilinganishwa na ng'ambo ya pili. Sababu nyingine ni ya kisheria: mgeni wa kawaida haruhusiwi kukaa katika eneo la Schengen zaidi ya siku 90 katika kila siku 180, na mashua ya mkazi wa nje ya Umoja wa Ulaya husamehewa ushuru kwa miezi 18 tu kabla ya kulazimika kutoka. Kusini zaidi, katika Ghuba ya Gabès na kando ya visiwa vya Kerkennah, bahari ni ya kina kifupi, na maji hujaa na kupwa kwa kiasi kisichojulikana kwingi katika Mediterania. Wavuvi wa huko hutega samaki kwa nyua za makuti ya mitende, mithili ya nyuzio za pwani yetu. Mgeni asiyeziangalia ataharibu riziki ya watu na usukani wake kwa pamoja.

Libya, tangu vita vya 2011, si mahali pa matembezi, na hapa sina la kupunguza. Misri nayo ni hadithi tofauti. Mashua huupita Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka wa 1869 na wenye urefu wa kilomita 193, kwa siku mbili aghalabu, huku rubani akiwa chomboni na usiku mmoja ukilaliwa Ismailia. Hulipwa ada ya mfereji na ujira wa wakala, na huombwa bakshishi za hapa na pale. Kwa anayeota kurejea Mombasa kwa njia hiyo, akumbuke kwamba mwishoni mwa 2023 vyombo vilianza kushambuliwa kusini mwa Bahari ya Shamu, na asiondoke bila kupata habari za wiki ileile.

Ama kuhusu bahari yenyewe, hiyo ndiyo hatari iliyo kubwa kuliko maharamia wa kubuni. Gibraltar, penye upana wa takribani kilomita 14 palipo pembamba, mkondo wa juu huingia Mediterania kutoka Atlantiki, kwa kuwa maji yanayofyonzwa na jua humo ni mengi kuliko yanayoletwa na mito na mvua. Upepo wa mashariki ukivuma kinyume cha mkondo huo, bahari huumuka. Watu wa Tangier huuita upepo huo shergi, yaani wa mashariki, neno lenye shina moja na mashariki yetu. Misri kuna khamsini, upepo wa vumbi la jangwani, ambao jina lake ni hamsini ileile ya hesabu. Aidha, tangu 2020 nyangumi wauaji wamekuwa wakizigonga sukani za mashua karibu na Gibraltar, na baadhi zimezama. Kabla ya kung'oa nanga, uliza walionekana wapi.

Tulipokuwa tukisubiri kuvuka, shergi ilituzuia kusini mwa Uhispania siku tatu. Mwenye mashua, mwanazuoni mwenzangu ambaye chombo chake cha mita 10 kilikuwa cha miaka mingi, hakuonyesha haraka yoyote. Alikuwa akisema kwamba siku ya kungoja ni ada ya gati tu, ilhali siku ya kulazimisha safari haina bei inayojulikana. Nahodha wa namna hiyo ndiye wa kusafiri naye.

Katika siku hizo tatu ndipo nilipogundua kosa langu. Nilikuwa nimeomba viza ya Moroko kabla ya kuondoka Nairobi, nikajiona mtu aliyejipanga. Jioni moja nahodha aliikagua pasipoti yangu ili aandike orodha ya mabaharia, akanionyesha tarakimu mbili katika viza yangu ya Schengen: 01. Maana yake ni kuingia mara moja tu. Nikivuka hadi Tangier singeweza kurudi Uhispania, na tikiti yangu ya kurejea nyumbani ilianzia Madrid! Mimi, ambaye hula mkate kwa kuwafundisha watu kusoma, nilikuwa sijasoma tarakimu mbili. Nililazimika kununua tikiti mpya ya kutoka Casablanca, na bei yake ilishinda mchango wangu wote wa chakula, dizeli na ada za magati. Bahari haikuniibia hata senti, nilijiibia mwenyewe.

Kwa sababu hiyo, yeyote anayeazimia safari kama hii na azingatie karatasi kabla ya matanga. Mwalimu wa Kenya hahitaji kumiliki mashua. Wenye mashua wengi hutafuta wenzao wa kushika zamu na kuchangia gharama. Lakini aulize: nahodha ana uzoefu gani? Kuna jaketi za kuokolea, redio na mtumbwi wa dharura? Bima ya chombo inazitambua nchi zinazozuriwa, au inaishia Ulaya? Mashua iingie kwanza katika bandari rasmi ya kuingilia, ikiwa imepandisha bendera ya manjano, na mtu asishuke hadi polisi na maofisa wa forodha wamalize kazi. Droni iachwe nyumbani, Moroko huichukua. Dinari za Tunisia hazitolewi nje ya nchi, basi mtu abadilishe kiasi anachohitaji na aitunze risiti. Chakula kinunuliwe sokoni na wala si katika maduka ya gatini.

Na lugha je? Hapo nilipata somo la unyenyekevu. Nilipofika Tangier niliulizia forodha kwa kujiamini, maana neno hilo tulilipata kwa Waarabu. Ofisa alitabasamu, akaniambia kwamba wao husema diwana. Kumbe! Neno hilo ni ndugu wa diwani letu, ambalo kwetu ni kiongozi wa wadi au kitabu cha mashairi. Vivyo hivyo, ukisikia mvuvi wa huko akiitwa rais, usisimame wima: ndiye nahodha wa chombo. Tulicheka, na shughuli iliyobaki ikaenda kwa wepesi. Salamu chache za Kiarabu na Kifaransa cha kuombea maji hupunguza gharama kuliko ubishi.

Ni katika mji huohuo wa Tangier ambako Ibn Battuta alizaliwa mwaka wa 1304. Mnamo 1331 alifika pwani yetu, akalala Mombasa usiku mmoja, kisha akaendelea hadi Kilwa. Ameeleza kwamba merikebu ilipowasili Mogadishu, vijana walitoka kwa mashua ndogo wakiwa na vyakula vilivyofunikwa, na kila mmoja akamtwaa mfanyabiashara mmoja kuwa mgeni wake. Usalama wa msafiri ulikuwa kuwa na mwenyeji anayejulikana. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Yule mwanafunzi sikumjibu kwa maneno mengi. Nilimpa kazi ambayo walimu wenzangu wa jiografia na historia wanaweza kuitumia: achague bandari moja kati ya Tangier na Port Said, asome pepo zake, sheria zake, lugha zake na habari zake za mwaka huu. Kisha arudi aniulize tena kuhusu hatari, lakini safari hii aitaje bandari kwa jina.