Agizo Huandikwa Kabla ya Kazi

Fundi wa bangili wa Kiwanjani, kando ya uwanja wa ndege wa Isiolo, hufanya biashara za aina mbili. Ya kwanza ni ya papo kwa papo: msafiri wa Marsabit huijaribu bangili mkononi, hulipa, huondoka. Malalamiko ni machache, kwa kuwa alicholipia amekiona. Ya pili ni ya agizo: bangili za shaba za harusi, au mzigo wa duka la Nairobi. Hapa kinachouzwa bado hakipo, na kila upande una picha yake kichwani. Ugomvi husikika siku ya kukabidhiana, lakini huwa umezaliwa siku ya kupatana; basi dawa yake ni maandishi ya siku hiyohiyo.

Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, yasema mauzo ya shilingi 200 au zaidi hayadaiki mahakamani ila mnunuzi awe amepokea sehemu ya bidhaa, ametoa arubuni, au pawe na maandishi yenye sahihi ya anayedaiwa. Mtu atauliza: ikiwa arubuni yatosha, karatasi ya nini? Ujumbe wa M-Pesa huonyesha kiasi, siku na mlipaji. Hauonyeshi upana wa bangili, wala nani abebe hasara kipimo kikikosewa.

Wengine watasema kuandikiana ni kutoaminiana. Lakini aya ya 282 ya Suratul Baqara huamuru deni la muda liandikwe, dogo kwa kubwa, na kuiachilia biashara ya mkono kwa mkono: mgawanyo uleule wa papo kwa papo na agizo. Wengine hudai kesi ni ghali, wazee watosha. Kweli, waanze wazee. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inahimiza usuluhishi wa kimila. Ila wazee nao huamua kwa ushahidi. Na wakishindwa, Mahakama ya Kadhi haihusiki na deni la biashara. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 ndiyo inayoruhusu madai yasiyozidi shilingi milioni 1, bila ulazima wa wakili, hukumu ikitakiwa ndani ya siku 60.

Karatasi itaje idadi, kipimo, bei, arubuni, tarehe, na kama kasoro itarekebishwa au pesa zitarudishwa. Mteja akisita kutia sahihi, fundi amejua kwamba hawajaelewana, na shaba bado haijakatwa.