MTUMISHI MGENI ASIYEIZOEA OFISI NA WAJIBU WA WENYEJI WAKE

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanafahamishwa kuwa ajira haikamiliki kwa kutiwa saini barua. Mtumishi mpya huanza akiwa katika muda wa majaribio, na maelezo ya mkuu wake hutazamwa wakati wa kuthibitishwa kazini. Kwa hivyo neno moja la "hachanganyiki na wenziwe" laweza kumkosesha mtu riziki yake, nalo aghalabu huandikwa bila ya kuulizwa sababu.

Uchukuliwe mfano wa karani wa masjala aliyetoka Wete, Pemba, akapangiwa kazi Mjini Unguja. Siku ya kwanza ataoneshwa meza na kiti, basi. Hajui majalada yamepangwa kwa namba au kwa majina, nani ana ruhusa ya kulitoa jalada, wala daftari la kupelekea barua huwekwa wapi. Akiuliza huchekwa kwa lafudhi yake; siku ya pili haulizi tena. Baada ya wiki mbili jalada la mzee anayefuatilia kiinua mgongo chake halionekani. Mzee hurejeshwa nyumbani mara tatu, kwa nauli yake mwenyewe, na karani huitwa mzembe. Insafu inataka iulizwe kwanza: nani aliyemfundisha?

Haina maana kwamba kila kosa la mgeni libebwe na wenyeji. Kazi huanza saa 1:30 asubuhi, na mchelewaji hana budi kuambiwa. Lakini aambiwe faraghani, si mbele ya wananchi waliosimama dirishani. Mkuu wa kazi amtenganishe asiyejua na asiyetaka. Asiyejua huoneshwa kazi, kisha akaifanya mwenyewe mbele ya aliyemwonesha, hata ikibidi mara tatu. Akiwa amekwishafundishwa, na jambo hilo limeandikwa, naye bado hatendi, hapo ndipo pa kufuata taratibu za nidhamu chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya 2011. Kuanza na barua ya onyo ni kuanza mwisho.

Ukimya nao usidhaniwe kuwa ni kiburi. Anayejitenga wakati wa chai huenda hana cha kuchangia, kwani mshahara wa kwanza huweza kuchelewa mpaka jina liingizwe katika orodha ya malipo. Hili wakuu wengi hulisahau, ilhali nao walianza hivyo hivyo. Wapo pia wasiosikia vizuri au wasioona vizuri, wakaona haya kusema. Hao wana haki zao chini ya sheria inayohusu watu wenye ulemavu, na kuwakalisha karibu na msemaji au penye mwangaza hakugharimu kitu.

Mwananchi atakayecheleweshewa shughuli yake na karani mgeni anaombwa asimtolee maneno makali, bali aombe kuonana na mkuu wa masjala, akiwa na namba ya jalada na tarehe aliyofika. Mtumishi mpya mwenye shida aanze kwa mkuu wake wa kazi. Asiposikilizwa, amwandikie Afisa Utumishi wa wizara yake barua yenye tarehe, na nakala moja abaki nayo mwenyewe.